Mjumbe wa Malazi

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi hakikosi watu wa kujitolea. Mapambo yana mwenyewe, ukumbi una mwenyewe, na kiti cha vinywaji hugombewa kama ubunge. Malazi ya wageni hubaki yatima mpaka mwenyekiti anapofunga daftari, akainua macho na kumwona kijana aliyekaa karibu na mlango akisubiri soda ya pili. Hivyo ndivyo alivyoteuliwa mjumbe wa malazi anayezungumziwa hapa, ambaye mwandishi anamfahamu kwa karibu kuliko angependa.

Harusi ilikuwa Dar es Salaam, Jumamosi moja ya Novemba. Wageni wa upande wa bibi harusi wangetoka Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 1,300. Upande wa bwana harusi ungetoka Tanga, na wachache Dodoma. Bajeti ilikuwa na fungu la keki, fungu la video, fungu la gari la maharusi, na chini kabisa, kwa penseli: "Malazi – tutaona." Michango nayo ilikuwa bado ahadi. Mpambaji anaweza kubembelezwa kwa ahadi, hata mshereheshaji huvumilia, lakini gesti haijui neno hilo. Gesti inajua lipa namba.

Mjumbe alianza kwa kuulizia hoteli za katikati ya jiji. Aliposikia bei akaaga kwa adabu, akakumbuka kwamba Sinza ipo. Sinza gesti zimejaa, ukumbi ulikuwa jirani, na baadhi ya vyumba vilikuwa visafi kuliko anakolala yeye. Akalipia vinane, akajiona kamaliza kazi.

Kumbe hata jina la mahali penyewe ni mtihani. Alipompigia simu shangazi wa Bukoba kumwambia kwamba watafikia hotelini, shangazi akacheka sana. Kwake hoteli ni pale mtu anapokula chapati na maharage. Akauliza kama watalala juu ya meza au chini yake.

"Siyo ya kula, shangazi. Ni gesti."

Simu ikawa kimya. Neno gesti kwa mama wa makamo lina harufu yake, na uso wa mtu huonekana hata kwenye simu ya tochi. "Mwanangu," shangazi alisema hatimaye, "nimewabeba nyote mgongoni, leo mnanipeleka gesti?" Tangu siku hiyo mjumbe akawa anasema "lodji", neno ambalo halijamkosea mtu heshima.

Vyumba vyenyewe vilikuwa vitano vya choo ndani na vitatu vya choo nje. Ukitaka kujua ukoo unavyojipanga, usiulize wazee, gawa vyumba. Mjomba mwenye feni hapati usingizi akijua shemeji ana kiyoyozi. Mjumbe akaona ujanja: wajomba wawili, chumba kimoja. Dada wa mapokezi akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: wanaume wawili hawalali chumba kimoja. Mjumbe akaeleza kwamba ni ndugu wa tumbo moja, mmoja ana miaka 68, mwingine ana miaka 71 na magoti mabovu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi ileile. Vyumba vikawa tisa.

Wageni wa Dodoma walikuja kwa treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2024, nao wakafika kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, jambo ambalo kamati haikuwa imejiandaa nalo kabisa. "Tumeshuka Magufuli," wakapiga simu. Mjumbe akarukia bodaboda mpaka Mbezi, kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka 2021, akazunguka majukwaa yote akitazama nyuso. Hawapo. Walikuwa wamekalia mabegi yao katikati ya jiji, kwenye stesheni ya treni, ambayo nayo inaitwa Magufuli. Kati ya Magufuli na Magufuli kuna takriban kilomita 20 na foleni.

Basi la Bukoba nalo lilikuwa na yake. Zamani mabasi yalilazimika kulala njiani, na mgeni uliweza kumngoja kwa kukadiria. Tangu mwaka 2023 yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, mgeni anaweza kushuka saa yoyote Mungu aliyoiumba. Shangazi alishuka saa 9 usiku na mikungu miwili ya ndizi na ndoo ya senene, maana ndio msimu wake. Swali lake la kwanza pale mapokezi lilikuwa jiko liko wapi.

Lakini aliyevunja rekodi ni babu wa Tanga. Yeye alisema mapema, kwa sauti ya kusikika, kwamba atafika usiku wa Ijumaa. Mjumbe, mtoto wa mjini, akaandika Ijumaa, chumba kikalipiwa kuanzia Ijumaa saa 8 mchana. Kwa babu, kama kwa wazee wengi wa pwani, siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa hutangulia Ijumaa yenyewe. Kwa hiyo Alhamisi saa 4 usiku babu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, na gesti imejaa.

Mjumbe akamkimbiza gesti ya jirani, akalipa kwa simu yake mwenyewe, akamwacha dirishani amalizane na mapokezi. Kosa ndilo hilo.

"Shikamoo babu. Unalala au unapumzika?"

Babu alikuwa amekaa kwenye basi tangu alasiri, na mgongo ulikuwa umesema yote. "Marahaba mjukuu wangu. Napumzika."

Sinza, kulala ni kulala. Kupumzika ni kwa saa, na wapumzikao kwa kawaida huja wawili. Saa 6 usiku mlango ukagongwa: "Babu, muda umekwisha!" Babu akaelewa kwamba msafara unaondoka. Alitoka na kanzu, koti na kofia ya kiua, akasimama nje ya geti akiuliza bwana harusi yuko gari gani. Kwenye kitabu cha wageni, mbele ya neno "kazi", alikuwa ameandika: babu wa bwana harusi. Anakokwenda: harusini, inshallah.

Jumamosi ukumbi ulipofungwa hakuna aliyerudi gesti. Wote walijazana nyumbani kwa kina bibi harusi, mikeka na magodoro mpaka kwenye korido, wajomba wawili godoro moja, senene wanakaangwa, babu anasimulia habari ya msafara kwa mara ya nne. Vyumba tisa vilivyolipiwa vilikuwa vinapigwa na feni, havina mtu.

Mjumbe alipofika kwake alikuta kitandani watoto watatu wa shangazi wamelala kama samaki sokoni. Saa 8 usiku akarudi Sinza kuomba ufunguo wa kimojawapo. Dada wa zamu, ambaye hakuwa anamjua, akafungua kitabu. Anakotoka? Sinza. Anakokwenda? Sinza. Dada akamtazama juu mpaka chini, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine, akauliza kama analala au anapumzika.

Mjumbe alichukua muda kulifikiria.