Mpigapicha wa Likizo, Mbuji hadi Ziwani

Mpigapicha wa ridhaa wa Mbinga huonekana zaidi wakati wa likizo, anaporudi kutoka mjini na simu yenye kamera tatu. Kituo chake cha kwanza ni Jiwe la Mbuji. Husimama mbele ya mwamba huo mkubwa, akajipiga picha kwa karibu mpaka jiwe likabaki kipande kidogo nyuma ya sikio.

Zinazofuata ni ngoro, mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko, wakifukia nyasi ili kurutubisha udongo na kuuzuia usisombwe na mvua. Ngoro hupendeza zikitazamwa kutoka mlima wa pili, lakini mlima huo unahitaji kupandwa. Basi hushuka shambani na kumwomba shangazi yake ainue jembe tena, eti mwanga haukukaa vizuri. Shangazi hurudia, na hurudia. Akichoka humkabidhi mpini alime mwenyewe. Picha za hapo hazisambazwi.

Akishuka hadi Liuli, ziwani, hukuta mwamba wa Pomonda, ambao Wajerumani waliufananisha na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Yeye huufananisha na ukuta wa studio.

Jioni, Mbamba Bay, hupiga machweo. Ufuko huo uko mashariki mwa Ziwa Nyasa, kwa hiyo jua huzama upande wa Malawi. Maelezo ya picha husema “jua la kwetu”. Dagaa aina ya usipa walioanikwa mchangani huondolewa kwenye picha kwa kuharibu mandhari, kisha huombwa kwa ugali.