Muulize Bi Mashauri: Mgeni wa Miguu Minne

Wiki hii barua zote ni za vyura wa miti. Mlioandika kuhusu mawifi na wakwe, vumilieni hadi toleo lijalo.

Shikamoo Bi Mashauri. Mwanangu kaniletea chura wa kijani, mnene kama andazi. Mchana kutwa amelala. Usiku anaamka, anaimba. Chakula hagusi mpaka akione kinatembea. Nimfanyeje? – Mama Asiyelala, Minneapolis

Marahaba. Nilifika katikati ya barua nikidhani unamsema mumeo. Kwa ulivyomweleza, huyo ni chura wa miti wa Australia na New Guinea, aliyeingia vitabuni mwaka 1790 katika kitabu cha daktari John White. Ni kiumbe wa usiku. Anayeimba hivyo ni dume, anaita mke, na mke hayupo. Wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini methali haikumtaja mama mwenye zamu ya alfajiri. Kasha lihamie sebuleni.

Mlishe nyenje walio hai, waliopakwa unga wa kalsiamu na vitamini D3. Bila hivyo mifupa hulegea. Akishakomaa, mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha, maana ni mlafi na unene humuua. Nyenje wasioliwa watoe, wasije wakamtafuna yeye. Halafu jiandae: anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Mwanao atakwenda chuo, chura atabaki kwako.

Bi Mashauri, nampenda sana chura wangu. Nikitoka kazini namshika, namwogesha kwa maji ya bomba, nampaka losheni maana ngozi inambambuka. Lakini ananikimbia. Nimekosea wapi? – Mpenzi wa Dhati, Leeds

Kila mahali, mwanangu. Chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi, hasa ya tumbo na mapaja. Kwa hiyo kila ulichompaka amekinywa: losheni, jasho lako na klorini ya bomba. Maji yakilala kwenye beseni wazi siku nzima, klorini hutoka. Lakini kuna kampuni za maji zinazotumia kloramini, nayo haiondoki kwa kungojewa. Maduka ya samaki wa mapambo huuza dawa ya kuziondoa zote mbili, nunua.

Ngozi kubambuka si ugonjwa. Huivua mwenyewe, akaila. Mwache ale.

Ukilazimika kumshika, nawa, suuza sabuni yote, mikono iwe na maji safi yasiyo na klorini. Ukimaliza nawa tena, safari hii kwa ajili yako, kwa sababu vyura huweza kubeba salmonela. Penzi lililobaki lipeleke kwenye kipimajoto: mchana nyuzi 24 hadi 28. Chura hahitaji kukumbatiwa. Anahitaji joto lake, unyevu wake na mtu wa kumwacha peke yake.

Nilikuwa na vyura wawili kasha moja, mkubwa na mdogo. Asubuhi nimemkuta mkubwa tu, na kifuniko kimefungwa vizuri. Mdogo kapita wapi? – Mwenye Wasiwasi, Muscat

Pole kwa msiba. Kaburi linakutazama. Siku nyingine weka wa kimo kimoja.

Tumemchoka chura wetu. Nyuma ya nyumba kuna bwawa. Tumwachie huru, tupate thawabu? – Mtu wa Huruma, Toronto

Thawabu gani hiyo? Baridi itamuua, na kabla hajafa huenda akawaachia vyura wenyeji kuvu wa ngozi anayeua vyura duniani kote. Waulize Watanzania. Vyura wa Kihansi, wadogo sana, waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu. Bwawa la umeme likapunguza manyunyu mwaka 2000, kuvu huyo akagunduliwa huko 2003, na 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Kilichowaokoa ni wenzao waliokuwa wamepelekwa mapema kwenye bustani za wanyama Marekani. Uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Wako mtafutie mlezi mwingine. Daktari wa wanyama atakuelekeza.

Shikamoo Bi Mashauri. Juu ya dirisha la bafu letu amehamia chura wa kijivu. Jua likimpiga anageuka mweupe. Mume wangu anasema huyo si chura, katumwa. Mimi nataka kumfuga. Nimnunulie nini? – Mke Jasiri, Tanga

Marahaba. Hakutumwa na mtu. Inaelekea ni chura wa viota vya povu, mwenyeji wa pwani yetu. Hugeuka mweupe ili jua lisimchome, na ngozi yake hushika maji kuliko ya vyura wengi, ndiyo maana anaota jua pale ambapo wenzake wangekauka. Mvua zikija, jike hupiga povu kwa miguu ya nyuma kwenye tawi lililoinamia maji, akataga humo. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini.

Usimnunulie kitu. Usimtie kwenye chupa, usimmwagie chumvi, wala usimfungie dirisha. Wadudu wa bafuni atakula, na akitaka kuondoka ataondoka. Mumeo akizidi kulalamika, muulize ni mgeni gani mwingine wa upande wake aliyewahi kukaa kwenu siku zote hizo bila kuulizia chai.