Mukimo Imeisha, Kuna Chips

Mimi ni mtu wa tumbo, na sioni haya kusema. Kazi yangu ni kusambazia shule madaftari na chaki, kazi inayonipeleka Embu na Meru, Meru na Embu, huku na huko kama mkia wa ng'ombe penye inzi. Watu wa kazi hii tuna maradhi mawili: mgongo na hoteli. Mgongo nimemwachia Mungu. Leo nataka kulalamikia hoteli.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Unguja wanivumilie kidogo. Kwetu Kenya bara, hoteli si mahali pa kulala. Ukilala utaamshwa ulipe. Hoteli ni mabati, benchi nne, meza zenye kitambaa cha plastiki kilichopigiliwa misumari, ndoo ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye wavu kama mshukiwa anayesubiri kesi. Ukutani pamechorwa kuku anayetabasamu, kana kwamba hajaambiwa ameitwa kwa shughuli gani. Chini ya kuku kuna orodha ya vyakula, na orodha hiyo ndiyo iliyonipa presha.

Juzi niliingia katika hoteli moja mjini Embu, saa nane na dakika kumi mchana. Orodha ilikuwa na vyakula 31. Nilivihesabu, maana nilikuwa na wakati.

"Dada, leo kuna nini?"

"Kila kitu, mzee."

Nikaanzia juu kama mtu mstaarabu, kwenye mukimo, ule mpondo wetu wa mahindi, viazi au ndizi, na majani ya malenge. "Basi nipe mukimo na karanga."

"Mukimo imeisha."

"Ndizi na nyama?"

"Ndizi ni ya Jumatano."

Nikashuka hadi kwenye maharage meusi. "Njahi?"

"Njahi bado ziko kwa moto."

"Zitaiva saa ngapi?"

Akatazama jikoni, akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi kama anayepima umri niliobakiza. "Mzee, chukua tu chips."

Nikachukua chips. Ndivyo mambo yalivyo. Unaingia na orodha ya vyakula 31, unatoka na viazi vya kukaanga na sosi iliyoongezewa maji hadi ikafanana na kumbukumbu ya nyanya.

Labda nisishangae. Ninapanga katika mtaa wa Embu uitwao Dallas. Hatuna kofia pana, hatuna farasi, na mafuta tuliyo nayo ni ya kupikia tu. Hoteli kongwe ya mji huu, ile ya kulala kweli, inaitwa Izaak Walton, jina la Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi mwaka 1653. Alifariki kabla hajasikia kwamba kuna mahali panaitwa Embu. Basi ikiwa mtaa ni wa Marekani na hoteli ni ya Mwingereza aliyekufa na ndoano mkononi, kwa nini mimi nitegemee mukimo? Hayo ndiyo mawazo niliyokuwa nayo nikichovya chips katika kumbukumbu ya nyanya.

Lakini inauma. Hii si nchi ya njaa. Ukitoka Embu kuteremka Mbeere unakuta maembe yanaoza chini ya miti msimu ukifika. Jirani yetu Mwea, ng'ambo ya pili huko Kirinyaga, ndiko kwenye mchele wa pishori unaonukia hata kabla ya kupikwa. Imenti wana ndizi mpaka wanafunga ng'ombe kwenye migomba. Jioni unaona malori ya ndizi yakielekea Nairobi, yamejaa hadi juu, na turubai limefungwa kwa kamba. Nairobi wanakula. Sisi tulioyapungia mkono malori tunaambiwa ndizi ni ya Jumatano.

Nikimlaumu mwenye hoteli peke yake nitakuwa mwongo, maana naye ana mshindani ambaye hata mimi singemweza. Huku kwetu tuna zao lenye jina kubwa. Igembe na Tigania wanaliita miraa, Mbeere wanaliita muguka. Mmea ni mmoja, isipokuwa mla miraa huguguna ganda la kijiti, na mla muguka hutafuna majani. Jambo hilo dogo limezua ubishi mrefu kuliko barabara ya kwenda Maua, huko Igembe. Waulize Wameru, watakwambia muguka ni malisho ya mbuzi. Ila kwa jambo moja, ndugu hawa wawili hawatofautiani: vyote viwili hufukuza njaa. Mtu aliyetafuna tangu mchana hana habari na ugali. Sasa niambieni, nani mwenye akili timamu atafungua hoteli mahali ambapo zao maarufu la shambani linaua hamu ya kula?

Matokeo yake nayaona kila siku. Wanaingia vijana sita, na mfuko mweusi wa jaba, yaani hiyo miraa au muguka, karanga za shilingi ishirini, na gamu ya bigijii. Wanaagiza strungi, yaani chai ya rangi, moja moja. Wanakaa saa nne. Wanajenga nyumba za ghorofa, wanabadilisha kocha wa Harambee Stars, wanapeleka reli hadi Isiolo na kuirudisha. Mimi nimesimama mlangoni na sahani yangu ya chips, natafuta pa kukaa.

Mei 2024 ilikuwa mbaya zaidi. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga muguka marufuku, na Embu nzima ikahamia hotelini kujadili. Viti havikupatikana kwa siku kadhaa. Hakuna aliyekula. Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi, mwenzangu wa meza alifurahi kupita kiasi, akajikaza, akaagiza strungi ya pili. Na usijaribu kuwaambia watu wa Maua kwamba hayo ni makubwa. Wao bado wanahesabu miaka tangu Uingereza ilipofunga mlango wa miraa, Juni 2014, na wanalisimulia jambo hilo kama watu wanaotaja siku ya mazishi.

Nikaona nijaribu bahati yangu Meru. Matatu ilipita Runyenjes, ikavuka Mto Thuci tukaaga kaunti ya Embu, ikaingia Chuka, ambako dirisha lilijaa mikono: mayai, karanga, maji. Kwenye daraja la Nithi kondakta alinyamaza, na sisi sote tukanyamaza, kwa sababu pale ajali zimeua wengi, na kila mtu ana anayemkumbuka. Tukapita Chogoria, tukapita Nkubu, na kabla ya mji wa Meru tukavuka Ikweta. Kuna kibao. Hebu fikiria, mtu mzima nimetoka nusu ya kusini ya dunia nikaingia nusu ya kaskazini, kwa ajili ya mukimo tu. Mabaharia walikuwa wakisafiri miezi ili wajisifu kwa jambo hilo.

Niliingia hoteli ya kwanza Makutano. Hii ilikuwa ya kisasa: viti vya kuzunguka, taa zinazoning'inia kama vibuyu, na muziki wa kukuzuia usisikie bei. Kijana akanikaribisha vizuri, "Muga, baite!", nikafurahi, nikajua nimefika kwa wenyewe. Akanipa kitabu cha vyakula chenye picha. Mukimo haukuwamo hata kwa picha. Chips zilikuwamo, ila zilikuwa zimebadilishwa jina na kuwekewa jani moja la dania juu. Kwa jani hilo nililipa mara mbili ya bei ya Embu. Nikaapa kwamba nikirudi nitakuja na dania yangu.

Hoteli ya pili ilikuwa ya wazee, redio ikiwaka Muuga FM, na hapo nikakuta chakula ambacho Meru hakiishi wala hakingoji Jumatano: siasa. Wazee walikuwa wakichambua upya habari za aliyekuwa Gavana, Kawira Mwangaza. Kama ulikuwa nje ya nchi, nikukumbushe. Wawakilishi wa wadi walipiga kura ya kumwondoa Desemba 2022, Seneti ikamwokoa. Wakarudia 2023, Seneti ikamwokoa tena. Wakarudia Agosti 2024, Seneti ikamtoa, akaenda kortini, na Machi 2025 naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa kushika nafasi. Wazee walibishana kila hatua kwa mpangilio wake, na weita akisikiliza huku trei imemtulia begani. Oda yangu aliisahau mara ya kwanza. Akaisahau mara ya pili. Mara ya tatu, kama Seneti, akakata shauri: "Mzee, mukimo imeisha." Alikuwa amenipa uji wa matumaini kwa dakika 40.

Jioni nilielekea Majengo, upande wa msikiti. Uzuri wa mji wa Meru ni huo: ndani ya mwendo wa dakika kumi unapita mhubiri mwenye spika mbovu, duka la mitumba, Mmeru mwenye pikapu ya miraa anayeendesha kama anakimbiza ndege, halafu harufu ya pilau inakugeuza shingo. Nikaingia kwa Msomali mmoja, nikaagiza wali na nyama ya mbuzi. Sahani ikaja, na kando ya wali, bila mimi kuomba, pamelazwa ndizi mbivu nzima. Ndivyo wanavyokula Wasomali, wali kwa ndizi. Nusura nilie. Nchi ya ndizi nimeizunguka toka kusini hadi kaskazini ya dunia, na mtu wa kwanza kuniwekea ndizi mezani ni mtu ambaye kwao asili ni jangwani.

Kesho yake nikaenda sokoni Gakoromone na hasira zangu zote, nikamkuta mama mmoja nyuma ya vibanda vya nguo, na masufuria mawili makubwa. Yote mawili yalikuwa yamekwanguliwa.

"Mama, kulikuwa na mukimo?"

"Ulikuwapo, mwanangu. Umeisha."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nikamtolea hotuba juu ya chips. Nikamwambia chakula cha kigeni kimetuteka, tumeacha cha babu zetu, watoto watakua wakidhani ndizi hutoka dukani. Alinisikiliza huku akifuta mwiko. Nilipomaliza akauliza, "Hizo chips ulizokula zilitengenezwa kwa viazi vya wapi?"

Nikasema sijui.

"Ni vya Kibirichia. Kaka yangu analima huko. Na mahindi ya huo mukimo unaoutaka niliyanunua kwa lori. Dereva hata Kimeru hajui."

Nikafungua mdomo nikaufunga. Nikakumbuka nilichosoma zamani shuleni: mahindi asili yake ni Amerika, viazi vilevile, na malenge pia, ambayo majani yake ndiyo yanayoupa mukimo rangi. Ndizi zilitoka Asia. Kwa hiyo mukimo ninaoupigania kama shamba la urithi una ukoo wa Dallas kuliko mtaa wangu. Katika chakula chote nilichonyimwa safari hii, njahi tu ndizo za Afrika hii hii, na njahi zilikuwa bado kwa moto.

"Basi kwa nini," nikamuuliza, nikijitetea sasa, "chips zipo kila mahali na saa zote, na mukimo haupatikani?"

Akaniambia kitu ambacho bado kinanikera, kwa sababu ni kweli. Yeye huamka saa kumi alfajiri. Huchemsha mahindi, humenya ndizi mbichi mpaka vidole vinakuwa vyeusi, huponda kwa mkono mpaka bega linauma. Sahani anauza shilingi 70. "Halafu mnakuja nyinyi watu wa mashati," akasema, "mnaniambia niongeze kidogo, niongeze supu, nipunguze kumi. Mkienda Makutano mnauziwa chips, mnalipa kwa simu bila kuuliza, na mnasema asante. Sasa mimi nikiongeza sufuria la tatu, nani ataniongezea mkono wa tatu?"

Nikaitazama simu yangu. Malipo ya jana yalikuwa pale bado, chips na jani moja la dania. Sikuwa nimeomba punguzo. Nilikuwa nimesema asante.

"Na wewe huja saa ngapi?" akauliza.

"Nikimaliza shule. Kama saa nane hivi."

Akacheka, akaanza kufunga masufuria yake kwa kamba. "Wanaobeba mizigo hula saa tano. Mabodaboda hula saa sita. Saa saba mimi nimeshaosha vyombo."

Kwa hiyo ninawaondolea wenye hoteli nusu ya lawama. Nusu nyingine inawatosha kwa ajili ya sosi. Habari kamili ni hii: mukimo wa Gakoromone upo, kila siku ya soko, ni mzuri, ni shilingi 70, na huisha saa saba. Mimi hufika saa nane. Wewe msomaji ukitangulia kufika, tafadhali usiombe punguzo, na uniwekee sahani moja.