Jinsi ya Kumjibu Anayekuuliza Jana Ulishindaje

Kwanza, usijifungie ndani. Kijana mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi hakudai chochote. Ni mdadisi wa takwimu, anataka umsimulie jana yako yote, tangu saa kumi alfajiri hadi saa kumi alfajiri ya leo. Tafiti nyingi za matumizi ya muda huigawa siku hivyo. Hata Marekani, wanakouliza kwa simu kila mwaka tangu 2003, huanzia saa hiyo.

Mwangalie anavyoandika. Ukisema uliamka saa kumi na moja, naye akaandika 11 badala ya 5, kitabu cha taifa kitaonyesha ulilala hadi saa tano asubuhi, na ndoo zako tatu za maji zimepotea. Huna saa? Taja adhana, kengele ya shule, basi la kwanza. Mdadisi hodari ataipata dakika humo humo.

Ndoo usizichanganye na sufuria. Kuteka maji na kuokota kuni huhesabiwa kama uzalishaji, hivyo vina nafasi katika pato la taifa. Kupika, kufua na kumwogesha mtoto havimo. Mgawanyo huo mimi naona ni dhuluma, kwa kuwa maji yasiyopikiwa hayamshibishi mtu. Lakini ndiyo sababu ya kutaja kila kazi na muda wake: wakati kazi hizo hazimo kwenye pato, utafiti huu ndio daftari lake.

Sasa jibu ambalo ni marufuku: "Sikufanya kitu, nilikuwa nyumbani tu." Mama, hilo "tu" linafuta siku nzima. Kama ulikuwa unakoroga uji, mtoto mgongoni, huku unamhesabia chenji mteja wa vitumbua, sema yote matatu. Madodoso mengine huandika shughuli kuu peke yake, na mara nyingi anayepotea ni yule mtoto wa mgongoni. Mtaje hata kama hukuulizwa.

Nawe baba, mkuu wa kaya, usimjibie mkeo. Hujui aliamka saa ngapi, ulikuwa umelala. Mwite aje mwenyewe. Zamu yako ikifika, saa mbili za kijiweni ziite kijiwe. Usiziite kutafuta riziki. Kahawa na bao vina safu yake na havina aibu.

Watoto nao wasifukuzwe. Tanzania Bara ilipoingiza maswali haya katika utafiti wa nguvukazi wa 2006, walihojiwa hata wenye miaka 5, kwa siku saba mfululizo. Binti aliyekwenda kuni kabla ya shule anayo ya kusema, tena kwa mdomo wake.

Kenya walipouliza mwaka 2021, wanawake walionekana kutumia asilimia 18.7 ya muda wao katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Wanaume, asilimia 3.6. Kwa siku moja, hizo ni kama saa 4 na nusu kwa dakika 52. Tusingezijua bila watu waliokubali kuketi na kuikumbuka jana yao. Basi mdadisi akibisha hodi kwako, mpe kiti, mpe maji, kisha anza pale ulipofumbua macho.