Upepeo wa Ukutani

Februari ya Isiolo haina urafiki na mtu. Ikifika saa nne jua limeshashika mabati ya Bulapesa, mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya stima, na stima yenyewe imeshakwenda zake. Na katika joto hilo, nyumba yangu ina upepeo mzuri kuliko wowote katika kaunti nzima, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa.

Uliletwa na shemeji yangu anayeishi Lyon. Ni wa kale, wa kukunja, umechorwa mabibi wa Kifaransa wamekaa bustanini na magauni yaliyofura. Nilipoona vijiti vyeupe roho iliniruka: kama ni pembe ya ndovu, mimi jirani wa Samburu na Buffalo Springs nitawaambia nini watu wa KWS? Shemeji akaapa ni mfupa wa ng'ombe. Na hiki kitambaa? Si kitambaa, ni ngozi ya mwanambuzi. Yaani mtu kapanda ndege kutoka Ulaya kuiletea Isiolo ng'ombe na mbuzi, tena wasio na nyama!

Historia yake nimesomewa hadi nikaikariri. Wajapani walibuni pepeo za kukunja, Wareno wakazifikisha Ulaya, na mwaka 1678, enzi za Mfalme Louis XIV, mafundi wa Paris wakapata chama chao. Sawa. Lakini wale mabibi wa Versailles, na korseti zile za kukata pumzi, walijipepea. Hawakutundika.

Mama Halima hataki kusikia. "Baba Halima, mikono yako ina mafuta." Juzi fundi kaleta fremu ya kioo. Kuuliza pesa zimetoka wapi, naambiwa ni zile za feni. Feni ya dari, niliyokuwa nikiiwekea akiba tangu Idi!

Wageni wakija huketi chini ya fremu, wanausifu upepeo huku jasho likiwatiririka, wanajipepea kwa kadi za harusi. Mimi nina kifuniko cha ndoo, nacho nagombania na jiko la mkaa.

Jana nimeutazama kwa karibu. Kushoto, chini ya mti mkubwa, kuna bibi mmoja wa gauni la buluu, ameshika upepeo mdogo, anajipepea. Na kivuli anacho tayari.