Waraka kwa NEMA na KEBS: Pimeni Nyumba za Askari

Waheshimiwa Wakurugenzi Wakuu,

Nawaandikia kuhusu nyumba za serikali wanamolala watoto wa askari na wanajeshi, tangu laini za polisi huku kwetu Matuga hadi kambi ya wanamaji ya Mtongwe kwa jirani zetu wa Likoni.

KEBS, nyinyi wa viwango vya bidhaa, ahsanteni kwa kuweka kikomo: rangi isizidi sehemu 90 za madini ya risasi kwa kila milioni. Lakini kikomo hicho kinalinda mkebe ulio dukani leo. Mlango uliopakwa miaka arobaini iliyopita unalindwa na nani?

Tazameni kota kuukuu inavyopakwa upya. Fundi hushika msasa mkavu, akasugua fremu ya dirisha mpaka rangi ya zamani itoke. Vumbi hutua kizingitini, mkekani, hata kwenye sufuria ya maji. Mtoto anayetambaa hupitisha kiganja papo hapo, kisha vidole mdomoni. Huku pwani mara nyingi hata msasa hauhitajiki, kwani chumvi ya bahari hubambua rangi yenyewe. Na inayotiliwa shaka zaidi ni rangi ya mafuta, ile ya milango, fremu na grili, ndipo hasa mikono ya watoto inaposhika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa huku ubongo wake ukidhurika.

NEMA, nanyi wasimamizi wa mazingira niwaambie nini? Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi Owino Uhuru, Mombasa, mwaka 2007, kikafungwa 2014. Aliyepiga kelele hakuwa mkaguzi wenu. Alikuwa Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hicho ambaye mwanawe aliugua kwa sumu ya risasi, akiwa na wanakijiji. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, nanyi mkiwa miongoni mwa walioamriwa kulipa. Mkakata rufaa, na fidia ikatenguliwa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo. Bidii mliyoipeleka kortini ingewafaa zaidi watoto wale kama mngeipeleka kwenye lango la kiwanda.

Mama wa Owino Uhuru aliweza kuandamana. Mke wa askari ataandamanaje? Nyumba ni ya mwajiri, na mume anaogopa kuonekana mkorofi. Hata Marekani, iliyopiga marufuku rangi ya risasi majumbani tangu 1978, ilibidi shirika la habari la Reuters lifichue mwaka 2018 kwamba watoto wa wanajeshi walikuwa wamedhurika na rangi kuukuu katika nyumba za kambi kama Fort Benning. Jeshi likaanza kukagua baada ya kuumbuliwa. Nyinyi msisubiri kuumbuliwa mara ya pili.

Kwa hiyo naomba haya. Pimeni rangi ya kila kota ya askari na wanajeshi iliyojengwa zamani, mkianzia hapa Kwale. Pigeni marufuku msasa mkavu. Fundi aloweshe kwanza, na familia itoke. Watoto wa nyumba zitakazobainika wapimwe damu kwa gharama ya serikali. Kisha matokeo yabandikwe hadharani, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kuyajua.

Nangoja tarehe ya kuanza kupima.

Wenu kwa heshima,
Mkazi wa Matuga