Pikapu Yenye Tumbo la Kifalme

Kwenye vituo vya mafuta vya Marekani bomba huwa na vitufe vitatu vya okteni: 87, 89, na 91 au 93. Hapo ndipo mwenye pikapu, ambaye mzigo wake mzito wiki nzima ni mfuko wa chakula cha mbwa, hubonyeza 93 kwa fahari ya mtu anayeagiza pilau ya harusi.

Gari lenyewe halina habari. Okteni si kipimo cha nguvu wala cha usafi. Ni kipimo cha ustahimilivu wa petroli isijiwakie yenyewe inapobanwa ndani ya silinda kabla moto wa cheche ya plagi haujaifikia. Injini isiyobana mafuta kwa nguvu nyingi haina cha kufanya na ustahimilivu huo. Na dawa za kusafisha injini? Sheria inataka ziwemo hata katika 87.

Mwaka 2016 chama cha wenye magari, AAA, kilipima magari yaliyoundwa kwa 87, ikiwemo pikapu ya Toyota Tundra, na hakikuona faida ya maana. Kilikadiria kwamba Wamarekani walikuwa wamemwaga zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja. Sadaka nono, ila haijulikani thawabu yake ni ya nani.

Wenye haki wapo. Chevrolet Silverado ya lita 6.2 imependekezewa petroli ya juu na watengenezaji wenyewe. Ford F-150 yenye turbo nayo hupendekezewa ikivuta trela zito. Yote yameandikwa kwenye kitabu cha gari, kile kilichomo kwenye droo ya dashibodi, bado kimo ndani ya nailoni yake.